Malkia Wawili Ambao Hawakuonana: Hotuba juu ya Filamu za Ujasusi wa Kifalme

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wapenzi wa filamu mliokusanyika hapa jioni hii,

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu za kihistoria zinazosimulia ujasusi na uhasama baina ya nyumba za kifalme, nami nimekubali kwa furaha, kwa sababu filamu za aina hii ndizo zilizonifanya niipende kazi hii tangu nikiwa mtoto. Hata hivyo sikuja kuzisifu tu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma miswada ya wanafunzi wanaotamani kuandika filamu kama hizi, na karibu kila mswada unaofika mezani kwangu huanza kwa namna ile ile: farasi anakimbia usiku, panga zinagongana ngazini, mtu aliyejifunika joho anavuka mto akiwa ameficha barua kifuani. Barua yenyewe haifunguliwi. Hatuambiwi ni nani aliyeiandika, ilikunjwaje, ilipita mikononi mwa nani, wala ni nani aliyeisoma kabla haijamfikia mwenyewe. Nimekuja kuwaambieni kwamba barua hiyo ndiyo filamu, na kwamba mwandishi anayeiacha kifuani mwa mpanda farasi ameuacha mkasa wote humo humo.

Sitazungumzia mambo kwa jumla. Nitachukua kisa kimoja ambacho waongozaji wa filamu wamekirudia mara nyingi, nacho ni kisa cha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza na Mary Stuart, Malkia wa Uskoti. Mary alizaliwa mwaka 1542 na akawa malkia akiwa na umri wa siku sita tu. Alilelewa Ufaransa, akaolewa huko, na kuanzia mwaka 1559 hadi mumewe alipofariki mwishoni mwa mwaka uliofuata, alikuwa pia malkia wa Ufaransa. Nyanya yake mzaa baba alikuwa dada yake Mfalme Henry wa Nane, yaani shangazi yake Elizabeth. Udugu huo ndio uliokuwa chanzo cha hatari. Elizabeth hakuwa na mtoto, na Wakatoliki wengi hawakuitambua ndoa ya mama yake, kwa hiyo machoni pao malkia halali wa Uingereza alikuwa Mary. Alipolazimishwa kuachia kiti cha enzi cha Uskoti mwaka 1567, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kumwomba ndugu yake msaada, alipokewa kama mgeni na akawekwa kizuizini kama mfungwa kwa karibu miaka 19. Kuanzia hapo macho ya Paris, Madrid na Roma yalielekezwa kwenye nyumba za mashambani alimokuwa akihamishwa kutoka moja hadi nyingine, na mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alipomtenga Elizabeth na Kanisa na kuwaondolea raia wake wajibu wa kumtii, mwanamke yule aliyefungwa akawa silaha ambayo kila kasri lilitaka kuishika.

Sasa naomba mtafakari jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Malkia hawa wawili, waliogombea taji moja, walioandikiana kwa miaka mingi wakiitana dada, na ambao mmoja wao hatimaye alitia saini hati ya kumkata kichwa mwenzake, hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Watunzi wameshindwa kulivumilia jambo hilo. Friedrich Schiller, katika tamthilia yake ya mwaka 1800, aliwakutanisha bustanini. Filamu ya mwaka 1971 iliwakutanisha, na ile ya mwaka 2018 ikawakutanisha tena, safari hii katika nyumba ya dobi, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, kwa maana ukiwa na waigizaji wawili hodari unatamani wasimame mbele ya kamera moja, na sipingi uhuru wa msanii kubuni. Ninachosema ni kwamba wamekitupa kitu chenye thamani kubwa zaidi kuliko walichokipata. Umbali ule ndio uliokuwa uhasama wenyewe. Kila neno ambalo Mary alitaka lifike London, Paris au Edinburgh lilipita mikononi mwa watu wengine, na kila mkono uliolipokea uliweza kulifungua, kulinakili, kulichelewesha, au kuliongezea lingine. Ukiwasimamisha malkia wawili chumba kimoja, mikono yote hiyo inatoweka, na majasusi hawana kazi tena.

Hebu tuitazame mikono hiyo.

Mnamfahamu Francis Walsingham, waziri wa Elizabeth, kwa sababu filamu humpenda sana: humvisha nguo nyeusi, humweka gizani, na humpa maneno machache ya kutisha. Katika mambo hayo matatu, ni nguo nyeusi tu ninayoweza kuithibitisha. Kinachosahauliwa ni kwamba mwezi Agosti mwaka 1572 mtu huyu alikuwa balozi wa Uingereza mjini Paris, na alikuwamo mjini humo maelfu ya Waprotestanti walipouawa katika mauaji ya siku ya Mtakatifu Bartholomew, huku wengine wakikimbilia nyumbani kwake kujiokoa. Mwandishi anayekijua kisa hicho hahitaji kumfanya Walsingham kuwa shetani wala malaika. Ana mbele yake mtu mwenye hofu, anayeamini kwamba alichokiona Paris kinaweza kutokea London siku yoyote, na ambaye yuko tayari kuitumia mali yake mwenyewe kukizuia. Na kwa kweli alipofariki mwaka 1590 aliacha madeni makubwa.

Lakini nyuma ya Walsingham walikuwapo watu ambao filamu haziwaoni kabisa. Alikuwapo Arthur Gregory, ambaye kazi yake ilikuwa kuifungua lakiri ya barua na kuirudisha ilivyokuwa, kiasi kwamba mpokeaji hakuweza kutambua kwamba muhuri umeguswa. Na alikuwapo Thomas Phelippes, mfumbuzi wa maandishi ya siri. Sura yake tunaijua kwa njia ya ajabu: Mary mwenyewe aliieleza katika barua yake moja. Alisema ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye nywele na ndevu za rangi ya manjano, uso wenye makovu ya ndui, asiyeona mbali, mwenye umri wa kama miaka 30. Mfungwa alimchora jasusi wake kwa maneno, na jasusi akaisoma picha hiyo, kwa kuwa barua zote zilipita kwake. Nawaulizeni, ni mwandishi gani angethubutu kulibuni jambo kama hilo?

Mwishoni mwa mwaka 1585 Mary alihamishiwa Chartley, katika jimbo la Staffordshire, chini ya ulinzi mkali wa Amias Paulet, na kwa miezi mingi kabla ya hapo hakuwa amepata barua yoyote ya siri. Mwezi huo huo wa Desemba, kijana Mkatoliki aitwaye Gilbert Gifford alikamatwa katika bandari ya Rye akitokea Ufaransa, na alipotoka mbele ya Walsingham alikuwa ameshageuka kuwa mtu wake. Gifford akaenda katika ubalozi wa Ufaransa mjini London, ambako barua za Mary zilikuwa zimelundikana bila njia ya kumfikia, na akasema kwamba amepata njia. Njia yenyewe ilikuwa mapipa ya bia. Mtengenezaji bia wa mji wa jirani alipeleka mapipa Chartley kila wiki, na barua, zikiwa zimefungwa zisilowe, zilifichwa ndani ya pipa penye kizibo. Pipa tupu liliporudi, lilirudi na majibu. Mary alifurahi kupita kiasi. Hakujua kwamba mtengenezaji bia, Gifford na Paulet walikuwa watumishi wa bwana mmoja, na kwamba kila karatasi iliyotoka pipani ilisafiri kwanza hadi kwenye meza ya Phelippes.

Mtengenezaji bia huyu nampenda kuliko mtu yeyote katika kisa chote. Katika barua zake Paulet hamtaji kwa jina. Anamwita tu mtu mwaminifu. Na mtu huyu mwaminifu, ambaye alilipwa na Mary kwa kuzificha barua na akalipwa na upande wa pili kwa kuzitoa, akaona bado haitoshi, akadai aongezewe bei ya bia. Paulet alilalamika, lakini angefanya nini? Huyu ndiye mtu ambaye ningemtafutia mwigizaji bora kabisa. Mataji mawili yako hatarini, Papa na Mfalme wa Hispania wanasubiri habari, na mlango wa yote hayo unashikiliwa na mfanyabiashara anayepiga hesabu za mapipa yake.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye meza ya Phelippes, kwa sababu wanafunzi huniambia kwamba mtu anayesoma karatasi hawezi kuwa kivutio katika filamu. Barua ya Mary ilikwisha kupita mikono miwili kabla haijatoka chumbani. Aliitamka kwa Kifaransa, katibu wake Nau akaiandika, kisha katibu mwingine, Curll, akaitafsiri kwa Kiingereza na kuigeuza kuwa maandishi ya siri. Alama 23 zilisimama badala ya herufi, nyingine zikasimama badala ya maneno mazima, na nne hazikuwa na maana yoyote, bali ziliwekwa kumpoteza msomaji asiyehusika. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua, na namna ya kung'amua fumbo la aina hii ni kuhesabu. Chukueni ukurasa wowote wa Kiswahili, mbadilishe kila herufi kwa alama mnayoitaka, kisha mpeni mwenzenu. Atahesabu tu ni alama ipi inayojirudia kuliko zote, na atajua kwamba hiyo ni a. Kutoka hapo ataitafuta i, atayatambua maneno mafupi kama na, ya na wa, na kabla ya jua kuzama ukurasa utakuwa unazungumza. Nimefanya zoezi hili na wanafunzi mara nyingi. Kuna dakika ambapo chumba kizima hunyamaza, kwa sababu neno la kwanza limejitokeza, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Dakika hiyo ikipigwa picha ya karibu, ya uso na kidole kinachopita juu ya mstari, haitahitaji upanga wowote.

Tarehe 6 Julai 1586, Anthony Babington, kijana tajiri mwenye miaka 24, alimwandikia Mary kumweleza kwamba mabwana sita watamuua Elizabeth na kwamba yeye mwenyewe atakuja kumkomboa. Siku nane baadaye, Mary akiwa bado hajajibu, Phelippes alikuwa Chartley, na malkia akapita katika gari lake la farasi. Phelippes alimwandikia Walsingham kwamba malkia alimpa uso wa tabasamu, lakini yeye alikumbuka ubeti wa Kilatini unaosema kwamba akikusalimu mtu wa namna hii, jihadhari naye kama adui. Pigeni picha kichwani: mwanamke dirishani mwa gari, mtu mfupi kando ya njia, tabasamu, na kila mmoja akimchunguza mwenzake. Hakuna neno lililosemwa. Hapa ndipo mngewaonyesha wahasimu wawili uso kwa uso bila kuivunja historia, kwa kuwa aliyekutana na Mary kweli ni msomaji wake.

Jibu la Mary lilitoka tarehe 17 Julai. Phelippes alipolifumbua na kuona kwamba ameukubali mpango, na kwamba ametaja wakati wa mabwana sita kuanza kazi yao, alichora mti wa kunyongea juu ya nakala aliyoipeleka kwa Walsingham. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Kabla barua haijamfikia Babington, waliiongezea maneno mwishoni, kwa alama zile zile za siri, yakimwomba Babington ataje majina ya mabwana sita. Mary hakuyaandika maneno hayo. Rasimu ya nyongeza hiyo ipo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakisoma sasa walikuwa wakiandika, na mtazamaji wa filamu anapaswa kuhisi mpaka huo ukivukwa. Nimeona filamu zikilipita tukio hili kwa sentensi moja ya mazungumzo ili ziwahi kufika kwenye mateso na mashoka. Ni hasara kubwa.

Kuhusu kukamatwa kwa Babington nitasema tukio moja tu, lililosimuliwa na mwanahistoria wa zama zile, William Camden. Babington alikuwa akila na mtu wa Walsingham aliyejifanya rafiki, barua ikaletwa mezani, na Babington akaona kwa jicho la pembeni kwamba inamhusu yeye. Akanyanyuka kana kwamba anakwenda kulipa gharama ya chakula, akaacha joho na upanga wake kitini, akatoka na kutokomea gizani. Katika filamu nzima ambayo ningeitamani, huo ndio upanga pekee ambao kamera ingeukazia macho: upanga ulioachwa kitini, na mwenyeji wake anayeendelea kumsubiri. Alipatikana siku chache baadaye, akiwa amekata nywele na kujipaka maji ya mmea ili ageuze rangi ya ngozi, na mwezi Septemba aliuawa pamoja na wenzake, 14 kwa jumla, kwa siku mbili.

Mary aliposhtakiwa katika ngome ya Fotheringhay mwezi Oktoba, aliomba aonyeshwe barua yenye mwandiko wake. Haikuwapo. Babington alikuwa ameichoma moto ile aliyoipokea, na kilicholetwa mbele ya mahakama ni nakala tu, pamoja na maungamo ya makatibu na ya waliokwisha kuuawa. Mary akasema kwamba maandishi ya siri mtu yeyote anaweza kuyaghushi, na akamgeukia Walsingham, naye akasimama kuapa mbele ya Mungu kwamba hajatenda lolote lisilomstahili mtu mwadilifu. Kwa hiyo mshtakiwa alikana barua ambayo, kwa kila dalili, aliituma, na mwadilifu akaapa huku watumishi wake wakiwa wameiongezea barua hiyo maneno. Mimi mwenyewe nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado siwezi kusema kwa moyo mmoja ni nani alinitia uchungu zaidi katika ukumbi ule. Mwongozaji anayeamua mapema nani ni mwema na nani ni mwovu ataupoteza ukumbi huo, kwa sababu hatakuwa na la kufanya ila kuwapa watazamaji sauti ya ngoma ya huzuni.

Kwa wale wanaodhani kwamba kisa hiki kimekwisha kuandikwa chote, ninayo habari ya kutia moyo. Mwezi Februari mwaka 2023 watu watatu, George Lasry mtaalamu wa kompyuta, Norbert Biermann mpiga piano na profesa wa muziki, na Satoshi Tomokiyo mwanafizikia, walitangaza kwamba wamezifumbua barua 57 zilizokuwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, zikiwa zimeorodheshwa miongoni mwa nyaraka za mambo ya Italia. Walipoanza kuzifumbua waliona Kifaransa badala ya Kiitaliano, kisha maneno ya mwanamke, kisha habari za kifungo, na hatimaye jina la Walsingham. Zilikuwa barua za Mary, za kati ya mwaka 1578 na 1584, nyingi zikienda kwa Castelnau, balozi wa Ufaransa mjini London. Kwa zaidi ya karne nne zilikaa rafuni na hakuna aliyejua ni za nani.

Mwisho, nawaombeni mzingatie mikunjo. Zama zile hapakuwa na bahasha. Barua ilijifunga yenyewe. Nimewahi kujaribu kwa mikono yangu. Unakata ukanda mwembamba pembezoni mwa karatasi bila kuuachanisha nayo, unaikunja karatasi mpaka inakuwa kipande kidogo, unatoboa tundu, unaupenyeza ukanda, unauzungusha na kuupenyeza tena na tena, kisha unaulowanisha ukazwe. Namna ngumu kuliko zote huhitaji hatua zaidi ya 30, na mimi nilichana karatasi tatu kabla ya kufanikiwa. Atakayeifungua lazima aukate ukanda, na aliyeukata hawezi kuurudisha.

Tarehe 8 Februari 1587, saa nane usiku, Mary Stuart alimwandikia Henri wa Tatu, Mfalme wa Ufaransa, ndugu wa mumewe wa kwanza. Alikuwa ameambiwa jioni kwamba atauawa asubuhi. Hakutumia alama wala fumbo. Aliandika Kifaransa cha wazi, akaomba watumishi wake walipwe mishahara yao, na barua ile ikafungwa kwa mkunjo huo wa ukanda. Ingekuwa ni filamu yangu, ningeiacha kamera juu ya mikono yake mpaka ukanda upite tundu la mwisho, bila muziki, bila neno, na nisingeonyesha shoka.